Kwa dada wa Moshono: kumzoesha mtoto wa mbwa watu na dunia wakati wewe mwenyewe hutoki nyumbani

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote uliyopewa nikaona nikae niandike kwa urefu, maana hali uliyonayo ndo niliyokuwa nayo mimi, na majibu mengi yamekuacha katikati, huyu anakwambia subiri chanjo ziishe, yule anakwambia mfungie bandani awe mkali. Kwa ambao hawajaona swali: dada yuko likizo ya uzazi, ana mtoto mchanga, hatoki zaidi ya kliniki na dukani, mume anakuja wikiendi tu. Wameletewa kibwa dume, chotara wa German Shepherd, ana wiki 9, kachanjwa mara moja. Daktari wa mifugo kasema asikanyage nje mpaka chanjo ziishe, baba mkwe anasema mbwa akizoea watu halindi, na kibwa mwenyewe kila hodi ikipigwa anakimbilia chini ya kochi. Anauliza atamzoeshaje wakati yeye mwenyewe yuko ndani, na kama amchukue na ndugu yake wawe wawili.

Mimi niko Moshi, upande wa Rau. Jeki wangu nilimtoa Kibosho kwa ndugu akiwa na miezi miwili hivi, kipindi ambacho mama alikuwa kapigwa kiharusi na mimi ndo namuuguza, kwahiyo nje ya geti nilikuwa sitoki labda duka la dawa. Namna ya kumtembeza mbwa haikuwepo. Na Jeki huyo sasaivi ni mbwa mzima, mtulivu, watoto wa jirani wanapita, kijana wa maziwa anaingia mpaka jikoni, na usiku anafanya kazi yake. Nachotaka ukishike ni kimoja tu, huna haja ya kumpeleka mbwa duniani, dunia inapita getini kwako kila siku, kazi yako ni kumkalisha mahali ataiona bila kuogopa.

Nianze na umri maana hapo ndo haraka ilipo. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka wiki ya 12 au 14 anapokea vitu vipya kirahisi sana, mtu mwenye kofia, mbuzi, mlio wa blenda, vyote anaviweka kwenye akili kama mambo ya kawaida. Ukipita umri huo bado anajifunza, ila kitu kigeni anaanza kukihofia kwanza ndo baadae akichunguze, na wewe unatumia nguvu mara kumi kubadilisha. Kuna jaribio lilifanyika Bar Harbor kule Maine, Marekani, likatolewa mwaka 1961, kina Freedman, King na Elliot, waliwalea vibwa kwenye viwanja vyenye uzio mrefu bila kugusana na binadamu, wakawa wanamtoa huyu akiwa na wiki 2, yule 3, mwingine 5, 7, 9, kila mmoja anakaa na watu wiki moja tu halafu anarudishwa. Wale ambao hawakutolewa kabisa mpaka wiki ya 14 hawakushikika, walikuwa wanyama wa porini. Wiki moja tu, dada, kwa umri sahihi, ndo ilileta tofauti. Nawaza sana huo uzio mrefu nikiona kibwa kafungiwa bandani nyuma ya nyumba, anasukumiwa sufuria ya ugali jioni, anafika miezi sita hajawahi kuguswa na mtu zaidi ya mmoja, halafu siku ananyofoa mkono wa mtoto tunasema mbwa ana laana.

Wako ana wiki 9. Una wiki tatu mpaka tano nzuri sana mbele yako na huwezi kuzipata tena, kwahiyo usisubiri.

Sasa daktari wako. Hajakosea hata kidogo, parvo ni balaa, kibwa anatapika na kuharisha damu na siku chache anaondoka, na kirusi chenyewe kinakaa kwenye udongo miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kujisaidia pale, huoni kitu ardhi imekauka kabisa kumbe kipo. Na chanjo moja haitoshi, kwasababu kinga aliyonyonya kwa mama yake kwenye dang'a inaweza kuizima chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa kila kibwa hiyo kinga ya mama inaisha lini, ndo maana wanarudia kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Fanya hesabu hapo. Ukimfungia mpaka wiki 16 utakuwa umemkinga na parvo na umempitisha ule umri wote akiwa haoni kitu. Madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulika na tabia za wanyama, chama chao kinaitwa AVSAB, waliliona hilo na mwaka 2008 wakatoa tamko kwamba kibwa aanze kuchangamana akiwa na wiki 7 au 8, mradi kapata chanjo ya kwanza angalau siku 7 kabla pamoja na dawa ya minyoo. Hawakusema umtembeze sokoni. Ukiongea na daktari wako muulize hivi, je nikimbeba mikononi bila kukanyaga chini, na wageni wakija kwangu, kuna shida? Mimi wangu alisema hamna shida, na nafikiri na wako atasema hivyo, maana neno lake ni asikanyage nje, hajasema asione nje.

Ndani ya uzio wako kama hapakuwahi kuwa na mbwa mgonjwa mwache akanyage. Wageni wavue viatu mlangoni, maana parvo inaingia na soli. Ukitaka kuosha sehemu chukua Jik, sehemu moja kwa maji sehemu 30, na osha uchafu kwanza kwa sabuni maana Jik juu ya uchafu haifanyi kitu. Sabuni peke yake haiui parvo.

Haya, geti. Mimi nilikuwa na stuli pale barazani, mama akishapata uji na dawa anasinzia, natoka na Jeki kwenye kamba nyepesi na kikopo cha maini. Maini unayachemsha bila chumvi na bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa hata kikipikwa, unakatakata vipande vidogo kama punje ya mahindi, yaweke kwenye friji uyatumie ndani ya siku chache. Geti nalifungua nusu. Tunakaa. Anapita mama wa ndizi na tenga kichwani, wanafunzi na masweta yao, guta limebeba mabati yanagongana, mbuzi wanapelekwa Mbuyuni, pikipiki iliyotolewa sailensa, jamaa wa kahawa anagonganisha vikombe, gari la matangazo ya msiba na spika juu. Kila kinachotokea yeye akakiona, kipande cha ini kinaingia mdomoni. Utaratibu wake ndo muhimu, kitu kwanza, ini baadae. Ukitanguliza ini halafu ndo pikipiki ikaja, mbwa anajifunza kwamba ini ni dalili ya jambo baya linakuja, na nimeona watu wanafanya hivyo wanashangaa mbwa anakimbia akiona kikopo. Na usikae muda mrefu, kibwa anachoka haraka, dakika chache zinatosha kisha aingie alale, kulala nako ni sehemu ya kujifunza.

Umbali ndo silaha yako kubwa na haigharimu hata mia. Kama akiwa getini anatetemeka, rudi barazani. Barazani bado anatetemeka, rudi sebuleni mlango wazi. Kuna kipimo kirahisi sana: mpe ini. Akilitafuna kawaida yuko sawa. Akilichukua kwa pupa mpaka anakung'ata vidole, ameanza kuzidiwa. Akilikataa kabisa, yani kibwa mwenye njaa anageuza uso kwenye ini, hapo hajifunzi chochote zaidi ya hofu, mtoe. Na dalili zipo kabla hajafika huko ila watu hawaziangalii, anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba pua yake mara kwa mara, anageuza kichwa pembeni, masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu, unaona weupe wa jicho. Kubwa kuliko zote ni kuganda. Mbwa akiganda watu wanasema ametulia, mwone alivyo mpole. Hajatulia. Huyo ndo anayeng'ata sekunde inayofuata.

Na kuna lile neno tunaambiwana kwamba usimbembeleze akiogopa utamfundisha uoga. Hapana. Hofu haiongezeki kwa kubembelezwa, kibwa akija kwako anatetemeka mpokee, mwache aegemee mguu wako, ongea nae taratibu. Kinachoongeza hofu ni kumvuta kwa nguvu kutoka chini ya kochi ili "amsalimie mgeni". Hilo la kochi lako ndo nataka niliseme vizuri, usimvute. Akikimbilia pale mwache, ndo nyumba yake, mwekee na kitambaa. Mgeni aingie, akae, asimwangalie, aongee na wewe habari zenu, na adondoshe vipande vya ini sakafuni upande wa kochi bila kusema chochote. Kibwa atatoka mwenyewe, atachukua atarudi, atatoka tena. Siku hiyo akiishia kutoa kichwa tu ni ushindi, mgeni aende zake.

Wageni wako ndo hao hao wanaokuja kila siku, usitafute wengine. Kijana wa maziwa kwangu anakuja na pikipiki, ana elementi na koti la mvua kubwa la kijani, na Jeki alikuwa akimwona anajikojolea palepale. Nilichofanya nikamuomba yule kijana aniachie elementi pale barazani akiwa anapima maziwa. Nikaiweka chini imelala chali, ndani nikatupia dagaa. Jeki alizunguka kwa mbali, shingo kairefusha miguu ya nyuma kaiacha kule kule tayari kukimbia, akanusa ukingo, akaruka nyuma maana ilicheza kidogo ikagonga sakafu, akarudi, mwisho kichwa chote kikaingia humo ndani anatafuta dagaa waliobaki kwenye sponji. Kijana alicheka sana. Siku zilizofuata akawa anaivaa elementi mbele yake taratibu, anaitoa, anaivaa, anadondosha dagaa. Ilikuja kufika mahali Jeki akisikia ile pikipiki inakata kona anakwenda kukaa getini mwenyewe. Mbwa hajui kwamba chini ya ile elementi kuna mtu, kwake ni kiumbe kingine kabisa, kwahiyo vitu kama kofia, mwavuli, fimbo, kikapu kichwani, mtu wa kuchechemea, kitimwendo, inabidi aonyeshwe kimoja kimoja. Kitimwendo na fimbo ya mama kwangu vilimsaidia bila mimi kupanga, ila nilihakikisha kwanza anavinusa vikiwa vimesimama ndo visukumwe.

Kingine kilichonisaidia sana ni jumuiya. Kwakuwa mama hawezi kwenda kanisani wale kina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja kusali kwetu asubuhi, na unajua wanavyokuja, vitenge, miamvuli, watoto mgongoni, halafu nyimbo zinaanza na vigelegele. Kwa kibwa hicho ni kitu kikubwa mno kukipokea mara moja. Sikumweka sebuleni. Nilimweka chumba cha nyuma na mlango upo wazi kidogo, na mfupa wa kutafuna, binti wa kazi kakaa nae, anasikia nyimbo kwa mbali huku anakula. Walipomaliza kusali wakiwa wanakunywa chai ndo nikamleta nimembeba, tukakaa mlangoni, na nikawaambia jamani naomba asishikwe, mwacheni awaangalie tu. Kuna mama mmoja mtu mzima alisema mimi mbwa siwapendi, akakaa zake kiti cha mwisho kageukia upande mwingine anakunywa chai. Jeki kati ya wote wale alimfuata yeye, akalala chini ya kiti chake. Ni kwasababu ndo peke yake ambaye hakumkodolea macho.

Hapo napo kuna jambo ambalo sikulisoma popote, nimelijua kwa kuishi. Watu wengi wanadhani kumzoesha mbwa watu ni kuhakikisha anashikwashikwa na kila mtu. Kwa huku kwetu sio. Watu wengi atakaokutana nao maisha yake yote hawatamgusa, wengine wanaogopa mbwa, wengine dini. Jirani yangu wa ukutani ni mama wa Kiislamu, na kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo wengi huku, mate ya mbwa ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba mojawapo kwa udongo. Kwahiyo Jeki sikumruhusu hata siku moja asogelee baibui lake wala ndoo zake. Tulikuwa tunaongea mimi upande huu yeye upande ule, Jeki yuko miguuni kwangu anapata ini lake kwa kukaa kimya. Yule mama kampa elimu kubwa bila kumgusa, kwamba mtu anaweza kuja, akaongea, akaondoka, na wewe halikuhusu. Hicho ndo unachokitaka. Mbwa anayemrukia kila mtu kwa furaha na kumlamba ni kero na ni kuvunjia watu heshima, usilee hilo. Muulize mtu kwanza, na akisema hapana basi iwe hapana.

Watoto wa mtaani ni habari yao peke yao. Wanapita wanapiga geti na fimbo, wanabweka, wanarusha mawe, na mbwa mmoja akipata hilo miezi yake ya mwanzo atachukia watoto wote. Usiwafokee. Mimi niliwaita wale wakubwa wakubwa wa darasa la tano, nikawaonyesha jinsi ya kusimama, mikono mifukoni, usikimbie, usimwangalie machoni, rusha kipande cha ini chini pita. Wakawa walinzi wenyewe, mtoto mgeni akija na jiwe wanamkemea wao.

Milio. Mvua kwenye mabati hasa, na masika ya huku mnayajua. Usisubiri ije. Tafuta YouTube sauti ya mvua, radi, fataki, weka kwa sauti ndogo kabisa wakati anakula, yani wewe mwenyewe usikie kwa shida, na siku zinavyokwenda unaongeza nukta moja. Akiinua kichwa na kuacha kula umezidisha, punguza. Blenda na presha kuka anza navyo chumba cha pili mlango umefungwa. Ukiwa na fundi wa kuchomelea karibu una bahati, mlio huo unapatikana bure kwa mbali. Mwaka mpya usiku fataki zikianza mwingize ndani, pazia lifungwe, redio iwe juu, hilo hata kwa mbwa mkubwa.

Kumshika usisahau, na kwako ni rahisi maana upo nae kutwa. Kila siku kidogo gusa kucha, fungua mdomo angalia meno, inua masikio, pitisha vidole katikati ya nyayo, ini. Huku kwetu kupe ni wengi na homa ya kupe inaua mbwa wengi, utatakiwa kumkagua maisha yake yote, ndani ya masikio na katikati ya vidole ndo wanapojificha. Mbwa aliyezoeshwa hivyo mdogo analala chali ukague. Asiyezoeshwa anafungwa mdomo kwa kamba watu watatu wamemkalia. Na daktari akija kuchanja usimwache amkute kibwa anamwona mara ya kwanza na sindano mkononi, mpe yeye ini ampe kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, hiyo usiiruke hata kidogo. Na yeyote akikwaruzwa na meno ya mbwa mwingine asiyejulikana, aoshe na sabuni kwenye maji yanayotiririka dakika 15 na hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mtoto wako mchanga, kibwa mwache asikie kilio, anuse kibebeo na nepi safi, akae upande wake akiwa ametulia apate ini. Lakini wawili hao wasiachwe peke yao hata dakika unayokwenda kutoa maziwa jikoni. Sio kwasababu mbwa ni mbaya, ni kwamba meno ya kibwa ni sindano na mtoto akipiga kelele yeye anadhani ni mchezo. Weka kizuizi mlangoni, ubao tu unatosha kwa sasa.

Alafu kuna upande ambao mtu wa kukaa nyumbani hauoni kabisa, nao ni kuachwa. Anazoea kwamba upo saa zote. Siku likizo inaisha unarudi kazini, anashinda analia, anatafuna mlango, anajichafua. Uingereza mwaka 2020 kipindi cha Korona watu walichukua vibwa wengi sana wakiwa wamefungiwa majumbani, watafiti wa Royal Veterinary College ya London waliwalinganisha na vibwa vya mwaka 2019 wakakuta wale wa Korona waliopata madarasa ya mafunzo au wageni nyumbani ni wachache kuliko wenzao. Wewe wageni umeshajua utawapataje. Kuachwa anza leo, mwache chumba kimoja na mfupa, wewe uwe chumba kingine dakika mbili, rudi bila shangwe. Kesho tano. Toka nje ya geti usimame, rudi. Usiage kwa huruma nyingi na usirudi wakati analia, subiri anyamaze kidogo ndo uingie, ila kama analia kwa hofu kweli ujue umekwenda haraka, punguza muda.

Mbwa wengine pia anawahitaji, lakini awe mbwa unayemjua, aliyechanjwa, mtu mzima mwenye busara. Mmoja anatosha. Kaka yangu alikuwa analeta jike lake la miaka mingi Jumapili, likawa linamfundisha Jeki adabu, aking'ata kwa nguvu linamkoromea, anajifunza kupunguza meno. Mbwa koko wa njiani awaone kwa mbali tu ukiwa umembeba.

Nije kwa baba mkwe, na umwambie kwa heshima, usibishane nae, mkaribishe chai akae barazani aone. Anachosema kina mantiki ya zamani na wazee wengi ndo walivyolea, mbwa akifungwa mchana usiku akifunguliwa anakuwa moto. Ni kweli anakuwa moto. Ila angalia huo moto unakwenda wapi, anabwekea upepo, anabwekea paka, anabwekea mpita njia wa saa mbili usiku na mwizi wa saa tisa kwa sauti ile ile, na wewe ndani umeshazoea, hata huamki. Mbwa anayejua kawaida ya mtaa ndo anajua kisicho cha kawaida. Jeki hambwekei mtu anayepita, hambwekei mlinzi wa jirani akikohoa. Akibweka yeye natoka na tochi, maana najua kuna mtu kasimama mahali pasipo pake, na mara zote nimekuta kweli kuna mtu, mara moja alikuwa anakata waya wa uzio upande wa migombani. Ulinzi unakuja wenyewe akikomaa, mwaka mmoja kwenda mbele, huyo chotara wako anao kwenye damu. Hofu ndo haina faida, inamfanya amng'ate mjukuu wa huyo huyo baba mkwe aliyekuja likizo na kukimbia uani.

La mwisho uliuliza kuhusu kumchukua na ndugu yake. Usimchukue kwa sasa. Vibwa wawili wa tumbo moja umri mmoja wanakuwa wanategemeana wao kwa wao, binadamu anakuwa wa tatu, ukimtenganisha mmoja kwenda kwa daktari wote wanalia, na kila nilichoandika hapa utatakiwa ukifanye mara mbili, mmoja mmoja, ukiwa na kichanga mkononi. Huyu akishapita mwaka na ametulia ndo ulete mwingine, na huyu mkubwa atakusaidia nusu ya kazi. Kwa leo jioni chemsha ini, keti barazani kabla jua halijazama wanafunzi wakiwa wanarudi, na uniandikie hapa kama anakula au anakataa, tutajua uanzie umbali gani.